Shikamoo Dokta, Bonyeza Hapo

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba, binti. Haya, nibonyeze wapi?"

Kumfundisha mtu unayemwamkia shikamoo kuna adabu yake. Huwezi kumwambia "hapana, siyo hapo." Unamwambia, "Dokta, hata hapo pangefaa, ila hebu tujaribu na hapa," huku kiganja kinakuwasha kutaka kumnyang'anya mausi. Akikosea, kosa ni la kompyuta. Akipatia, unashangaa kidogo tu, maana ukishangaa sana utakuwa umemwambia kwamba hukumtegemea.

Huu ni mwaka wa saba nafanya kazi hii huku kusini. Nafanya kwa mkataba, leo chuo cha Mtwara, kesho cha Lindi: nakaa na wahadhiri nawasaidia kufundisha kwa picha, sauti na video. Kwenye mkataba naandikwa mtaalamu wa medianuwai, neno ambalo sijawahi kumsikia mtu akilitamka mara mbili mfululizo bila kujikwaa. Wahadhiri wananiita yule binti wa kompyuta. Mmoja mwenye utani ananiita fundi redio, na jina hilo nimelipenda kwa sababu nitakayoifikia.

Watu wakisikia ninachofanya huuliza swali lilelile: hivi wale wazee wanaelewa? Wanaelewa. Wamesoma mpaka wakachoka, kitufe cha kurekodi hakiwezi kuwashinda. Mimi ndiye niliyechelewa kuelewa, na ili nisionekane najisafisha, nianze na semina yangu ya kwanza.

Niliiandaa kwa majuma matatu. Mada kumi na moja kwa siku tatu: kurekodi skrini, kukata video, kutunga maswali ya kujipima, kupakia masomo kwenye mfumo wa chuo, na kuendelea mpaka mtu akome. Ukumbi ulijaa. Chai ya saa nne ilikuwa na sambusa za nyama na korosho za kukaanga, posho ilikuwepo, na mkubwa mmoja alifungua kwa hotuba iliyoila mada yangu ya kwanza yote. Siku ya pili, saa tano kasoro, umeme ukakata. Jenereta likawashwa, likakohoa, likanyamaza. Mafuta yalikuwa yamekwisha na mwenye ufunguo wa stoo alikuwa msibani Nanyamba. Nikaendelea hivyohivyo. Saa mbili nzima nilifundisha video kwa mdomo, nachora vitufe hewani kwa kidole, na watu wazima thelathini na ushei wakitikisa vichwa kwamba tuko pamoja. Siku ya tatu tukagawa vyeti, tukapiga picha ya pamoja.

Baada ya miezi miwili nikaingia kwenye mfumo nione matunda. Kozi nyingi zilikuwa tupu. Zilizojazwa zilikuwa na madesa, yaani maandishi ya masomo, yaleyale ya miaka nenda rudi, yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, mengine yamelala ubavu. Kwenye moja, kidole gumba cha mpiga picha kilikuwa kimejitokeza pembeni kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa sitini na nne. Nilikitazama kidole kile kwa muda mrefu. Hayo ndiyo yalikuwa mavuno yangu.

Nikawalaumu wahadhiri. Wavivu, wagumu, hawataki mabadiliko: maneno hayo hayana gharama na yanamridhisha sana anayeyasema. Ilinichukua muda kukumbuka jinsi watu walivyokaa mle ukumbini. Mbele walikaa wakubwa, madokta, mkuu wa kitivo, wazee wenye miaka yao ishirini kazini. Nyuma wahadhiri wasaidizi, nusu yao wamefundishwa na hao wa mbele. Sasa niambie, mzee aliyemsimamia kijana tasnifu yake atanyoosha mkono mbele ya kijana huyo aulize faili likishapakuliwa huwa linakwenda kukaa wapi? Hathubutu. Atatikisa kichwa. Nami kimya kile nilikihesabu kuwa ni uelewa.

Dokta wangu wa historia alikuja baada ya magharibi, siku ambayo watu wote walikuwa wameshaondoka. Alikuja kama Nikodemo wa Biblia, aliyemwendea Yesu usiku, flashi mfukoni, akachungulia korido pande zote mbili kabla hajaingia. Akakaa. Akauliza hali ya mama yangu, akalalamikia joto, akalalamikia bei ya korosho, kisha akaiweka ile flashi mezani kama mtu anayesalimisha silaha.

"Binti," akasema, "ile siku ya umeme kukatika. Kabla haujakatika. Sikuelewa kitu."

Nilicheka, naye akacheka mpaka akavua miwani. Nahesabu kwamba kazi yangu ilianza jioni ile, na ile miezi ya nyuma nilikuwa nakula posho tu.

Tangu hapo nikiombwa semina nakubali ya saa moja na nusu, kwa sababu chuo kinataka picha ya pamoja, lakini kazi yenyewe naifanya ofisini kwa mtu, mlango umefungwa. Nina ombi moja tu kwa mhadhiri: nipe kipindi kimoja cha wiki ijayo, kile kinachokuchosha au ambacho wanafunzi wanakifeli kila mwaka. Tutakaa na hicho. Programu gani tutatumia, hiyo tutaijua mbele ya safari.

Kipindi cha Dokta kilikuwa Tendaguru.

Tendaguru ni kilima, kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi ya Lindi mjini. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, alikuta mifupa mikubwa imechomoza ardhini, na kuanzia 1909 hadi 1913 msafara kutoka makumbusho ya Berlin ulichimba pale zaidi ya tani 200 za mabaki ya dinosaria. Yalibebwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne kwa miguu, yakapakiwa melini. Mmoja wa wanyama hao amesimama katika Makumbusho ya Historia Asilia ya Berlin tangu 1937, kimo chake mita 13 na zaidi. Mwanafunzi aliyezaliwa Mchinga au Rutamba anaweza kufika chuo kikuu hajawahi kuiona hata picha yake.

Na kwa Dokta asingeiona. Alikuwa na slaidi arobaini na mbili, zote maneno. Maneno madogo, meusi, yamejaa mpaka pembeni, na darasani alikuwa anayasoma yote, nukta kwa nukta. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa lake. Nusu walikuwa wanazipiga picha slaidi kwa simu, wakimaliza wanarudi kwenye mambo yao.

Sikumwambia kwamba slaidi zake mbaya. Nilifungua ya tatu, nikaanza kumsomea kwa sauti, taratibu, kama anavyosoma yeye. Sikufika katikati.

"Mimi nimeshamaliza kusoma, binti. Wewe bado uko wapi?"

Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Feni ikazunguka.

"Kumbe," akasema.

Jambo hilo limepimwa na watu kwa miaka mingi. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, na wenzake wamefanya majaribio mengi juu yake. Mtu hujifunza vizuri zaidi kwa maneno na picha pamoja kuliko kwa maneno peke yake. Lakini ukimwekea picha, ukamsimulia, halafu ukayaandika maneno yaleyale unayomsimulia, uelewa unashuka. Jicho ni moja, sasa lisome au litazame? Kwa hiyo acha picha iwe kwenye skrini na maelezo yatoke mdomoni.

Nilipoijua kanuni hiyo nikaishika kama mwali aliyetoka unyagoni jana. Nikafuta maneno yote kwenye slaidi za watu. Wanafunzi wakaja juu, na walikuwa na haki. Vyuo vikuu vyetu vinafundisha kwa Kiingereza, na wengi wao shule ya msingi walisoma kwa Kiswahili. Mhadhiri akitaja istilahi ngumu mara moja, ikapita hewani, mwanafunzi hajui hata iandikwe vipi ili akaitafute baadaye. Watafiti wenyewe wanakiri kwamba kanuni hiyo inalegea kwa anayejifunza kwa lugha ambayo si yake. Siku hizi tunabakiza istilahi, jina na mwaka. Zile aya tunazitoa, zinakwenda kwenye desa.

Dokta tulimbakishia slaidi tisa. Picha ya yule mnyama wa Berlin tuliipata yenye leseni huria, na hapo nikatumia dakika kumi kueleza kwamba kuiona picha kwenye Google hakumaanishi umepewa. Hata sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inamlinda aliyeipiga. Dokta alisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza kama mifupa yenyewe nayo ilichukuliwa kwa leseni. Swali hilo tukaliweka kwenye slaidi ya mwisho. Mjadala wa mifupa irudi au isirudi umewahi kufika mpaka bungeni, kwa nini usifike darasani?

Kisha tukarekodi. Nilitaka dakika sita za utangulizi ambazo wanafunzi wangesikiliza kabla ya kuja darasani. Ofisini haikuwezekana: bodaboda nje, watu koridoni, na bati la Mtwara mvua ikilipiga hata mwenyewe hujisikii. Tukaingia kwenye Corolla yake, vioo juu, maikrofoni ya kubana kwenye kola. Gari ni studio nzuri kuliko vyumba vingi, viti vinameza mwangwi. Tatizo ni jasho.

"Ndugu wanafunzi," akaanza, "katika utangulizi huu tutajadili kwa kina, kwa mapana na marefu..."

Tulirudia mara nane. Kila nikibonyeza kitufe, yule mzee mcheshi anayenipigia soga za Kilwa ananipotea, anakuja mtu wa kwenye mkutano wa hadhara. Mara ya tisa nikabonyeza bila kumwambia, nikauliza, "Dokta, hivi wajukuu zako unawaambiaje habari hizi?"

Akaegemea kiti. Akaanza na Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, mtu aliyejua kuutoa mfupa kwenye udongo bila kuuvunja. Akaeleza jinsi mizigo ilivyofungwa, jinsi watu walivyopokezana njiani kwenda Lindi. Akasema wazungu walirudi kwao na mifupa na sifa, na kwamba ilichukua mpaka 2007 ndipo wanasayansi wakampa dinosaria mmoja wa Tendaguru jina la Boheti, Australodocus bohetii. "Miaka tisini na ushei," akasema, "mjukuu wangu, heshima nyingine inakuja kwa miguu."

Dakika sita na sekunde arobaini. Sikukata hata neno. Kipindi chenyewe kilibaki Kiingereza kama utaratibu unavyotaka, lakini huo utangulizi uko kwa Kiswahili, na juma lililofuata watu waliingia darasani wakibishana.

Suala la urefu halikuwa la kubahatisha. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichapisha uchambuzi wa mara milioni 6.9 ambazo watu walitazama video za edX, jukwaa la Marekani la kozi za mtandaoni, wakaona mtazamaji wa kawaida hazidi dakika sita, hata video iwe ndefu namna gani. Na hapo hatujagusa gharama ya intaneti. Wetu wana bando.

Na bando ndilo somo ninalolifundisha kuliko somo lolote. Mhadhiri akirekodi video kwa simu nzuri, kwa ubora ambao simu imewekewa dukani, inakula kama MB 130 kwa dakika. Dakika sita ni karibu MB 800. Mwanafunzi ambaye bumu halijaingia hawezi kuigusa. Ataomba aliyeipakua amsimulie. Video hiyohiyo ukiibana kwa HandBrake, programu ya bure, unaweza kuishusha mpaka MB 40 na bado ubao unasomeka. Ukitoa sauti peke yake, haifiki MB 3. Kwa hiyo kila kipindi tunakitoa kwa sura tatu: video iliyobanwa, sauti, na maandishi. Maandishi ya kuchapa, tafadhali. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja asiyeona, kompyuta yake inamsomea kila kitu kwa sauti, akanionyesha inavyofanya ikifika kwenye yale madesa ya kupiga picha: inataja jina la faili, basi, inanyamaza. Kurasa sitini na nne za kimya.

Sasa lile jina la fundi redio.

Bibi yangu wa Newala hakusoma zaidi ya elimu ya watu wazima, lakini mpaka anafariki alikuwa anaweza kukuambia konokono wa kichocho anaishi wapi. Alijifunza 1973, kwenye Mtu ni Afya, kampeni ya elimu ya afya kwa redio. Kila wiki, kwa wiki kumi na mbili, kikundi chao kilikaa chini ya mwembe, redio katikati, wakasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, kikiisha kiongozi anafungua kijitabu, wanasoma, wanabishana, wanaamua la kufanya. Wakachimba vyoo. Watu wapatao milioni 2 walishiriki nchi nzima. Sauti, maandishi, picha kijitabuni, majadiliano, kazi ya mikono: kama siyo medianuwai hiyo, basi sijui maana ya neno lililo kwenye mkataba wangu.

Bibi alipokuwa akisimulia, redio hakuitaja sana. Alimtaja kiongozi wa kikundi, kijana wa hapohapo kijijini aliyekuwa anajua kusoma. Viongozi wa namna hiyo walifundishwa zaidi ya 70,000 kabla kipindi cha kwanza hakijarushwa. Nafikiria hesabu hiyo kila ninapoona chuo kimepokea projekta ishirini, zimepangwa stoo kwenye maboksi yake, na hakuna aliyepangiwa hata jioni moja ya kukaa na mhadhiri. Nchi maskini, 1973, ilijua kwamba mtu anakuja kabla ya redio.

Wahadhiri vijana nao wana mambo yao. Hao hawaji usiku, wanakuja mchana na simu tatu. Kwao kazi yangu ni kupunguza. Slaidi inazunguka, herufi zinaanguka moja moja kama mvua ya vuli, na mmoja wa uchumi aliweka singeli chini ya mhadhara mzima wa mfumuko wa bei. Nikamwomba aitoe. "Dada, wataniponyoka, watalala," akanijibu. Nikamwambia basi tujaribu: kundi moja lenye singeli, lingine bila, maswali matano mwishoni. Sitasema ni utafiti, lilikuwa darasa moja tu, lakini aliitoa mwenyewe. Mayer na wenzake walishayaona hayo, kwamba kitu kinachovutia lakini hakimo kwenye somo kinakula nafasi ya somo. Kijana yule siku hizi anaanza na swali badala ya muziki, ingawa ananilaumu mpaka leo kwamba nimemzeesha.

Niliyejifunza kwake zaidi ni madamu wa uhasibu. Huyo hakutaka slaidi wala uso wake kwenye kamera. Alichukua stuli ndogo, akaiweka juu ya meza, akalaza simu juu yake, kamera ikichungulia nje ya ukingo, chini yake karatasi nyeupe na kalamu mbili, nyekundu na bluu. Akaanza kuandika akiongea. Mfano wake haukuwa wa kampuni ya kubuni yenye jina la Kizungu. Ulikuwa wa chama cha msingi cha korosho. Mkulima ameleta gunia zake ghalani, amepewa stakabadhi, mnada umefanyika, sasa fedha imeingia: ipi ni ya mkulima, ipi makato ya ghala, ipi ushuru, na kila shilingi inaandikwa upande gani wa daftari. Mfumo wa stakabadhi ghalani upo huku tangu 2007. Nusu ya darasa wazazi wao wamelipwa kupitia huo, au wamesubiri kulipwa. Mkono unaandika, sauti inaeleza, ukikosea unakata mstari mbele ya mtazamaji. Guo naye aliona watu wanakaa muda mrefu zaidi kwenye video ya mkono unaoandika kuliko ya slaidi, lakini madamu hakuhitaji kuambiwa na Guo.

Kosa lilikuwa moja. Madamu ana bangili za dhahabu, sita, mkono wa kulia. Dakika kumi na moja zote, kila mkono ukisogea, chwa, chwa, chwa. Hatukugundua mpaka wanafunzi walipoanza kuliita somo lenyewe "bangili". Nilijitolea kusafisha sauti. Akakataa. "Waache," akasema, "wakisikia bangili kwenye mtihani watakumbuka." Kozi nyingine aliirekodi bila bangili, wanafunzi wakauliza zimeuzwa au vipi.

Mei 2024 ilitupima wote. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, mvua zikaharibu barabara ya kuja kusini, magari yakakwama Somanga. Hatujakaa sawa, tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu na mtandao wa Afrika Mashariki ukawa wa kuvizia. Mhadhiri mmoja aliyekuwa ameweka masomo yake yote YouTube, kwa ushauri wangu mwenyewe, alinipigia simu akaniuliza, kwa upole ulioniuma kuliko matusi, sasa afanyeje. Sikuwa na jibu. Dokta wa historia alikuwa nalo. Yeye hakuwahi kuiamini hiyo mitandao, kila alichorekodi alikuwa nacho kwenye flashi, na wanafunzi walikuwa wanarushiana wao kwa wao, simu kwa simu, bila hata MB moja. Wiki ile darasa lake halikutetereka. Tangu hapo kila ninachotengeneza na mtu kinakaa sehemu tatu: mtandaoni, kwenye kompyuta ya chuo inayofikika kwa waya wa humohumo ndani, na kwenye memori kadi ya kiongozi wa darasa.

Lililobaki siwezi kulitengeneza mimi. Zile dakika sita za Tendaguru zilimla Dokta jioni nne. Madamu alitumia Jumamosi mbili. Hakuna fomu inayozihesabu saa hizo. Mhadhiri akiomba kupanda cheo anaulizwa machapisho, na ni sawa aulizwe, lakini video iliyowavusha wanafunzi mia mbili kwenye supu, ile mitihani ya marudio, haina hata mstari wa kuijaza. Nimelisema hilo kwenye vikao. Wanaandika kwenye muhtasari. Mwaka unaofuata linasomwa kwenye yatokanayo, halafu tunakwenda kwenye chai. Fedha zipo, siwezi kusema hazipo. Mradi wa HEET peke yake, ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ni dola milioni 425 kwa elimu ya juu nchini. Majengo yatasimama, vifaa vitakuja. Mimi naomba jioni tu, jioni za watu zihesabiwe.

Wiki iliyopita nilipita kwa Dokta kuchukua maikrofoni yangu. Mlango ulikuwa umerudishwa, haukufungwa. Nikachungulia nibishe hodi. Kwenye kiti ninachokaliaga mimi alikuwa amekaa mzee mwingine, mkubwa kwake kwa cheo na kwa umri, yule ambaye kwenye semina yangu alikaa safu ya mbele kabisa akitikisa kichwa kuliko wote. Flashi ilikuwa mezani. Dokta alikuwa amemwinamia begani, kidole hakijagusa skrini.

"Hata hapo pangefaa, mzee wangu," nilimsikia akisema. "Ila hebu tujaribu na hapa."

Nikaurudisha mlango taratibu, nikaenda kukaa kwenye benchi la koridoni.